Difensi bora inapimwaje? Safu ya magoli ya kufungwa mi naona haitoshi

KipengaChaPili aliuliza:

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linanisumbua muda mrefu naomba tulijadili kwa utulivu. Tunapimaje ubora wa ukuta wa timu? Kila nikibishana na washkaji mtu anafungua msimamo wa ligi, anasoma magoli ya kufungwa, anasema si unaona, hawa wamefungwa machache kwa hiyo ndo wenye difensi bora, mjadala umeisha. Mi hapo ndo nakwama.

Chukua Chelsea ya 2004/05 ya Mourinho. Mechi 38 wamefungwa magoli 15 tu, ligi kuu ya Uingereza hakuna aliyewahi kufikia hapo. Sikatai, ile timu ilikuwa balaa, Terry na Carvalho pale kati, Makelele mbele yao, Cech golini na klinishiti zake 24 za ligi, yaani mechi ambazo hakufungwa. Ila najiuliza kwenye hizo 15 mabeki wana sehemu gani, Cech ana sehemu gani, Makelele ambaye hata sio beki ana sehemu gani, na ni kiasi gani kimetokana na timu kuongoza mapema halafu inatuliza mpira mpinzani anakosa hata wa kucheza?

Halafu nakutana na Arsenal ya 1998/99, wamefungwa 17 msimu mzima na bado ubingwa ukaenda kwa Manchester United waliofungwa 37, zaidi ya mara mbili, kwa tofauti ya pointi moja. Kwa hiyo mtu akiniambia difensi bora ni ile inayobeba kombe simuelewi, na akiniambia ni hesabu ya magoli tu simuelewi vilevile.

Naomba waliocheza, makocha na wanaofuatilia takwimu mnisaidie, mnaangalia nini hasa? Na mtu wa kawaida anayeangalia kwenye TV anaweza kuona mwenyewe au mpaka awe na data?

---

Namba6_Mkabaji:

Mkuu swali zuri sana na nashukuru umelileta maana watu wanalipita juu juu.

Mi naanza hivi, goli la kufungwa ni mwisho wa safari ndefu. Kabla mpira haujaingia nyavuni mpinzani kwanza ameupata, amevuka kati, amefika karibu na boksi, ametengeneza nafasi, amepiga, shuti limelenga goli, na kipa ameshindwa. Difensi inaweza kufanya kazi nzuri au mbovu kwenye kila hatua hapo, na ile namba ya mwisho haikwambii ni hatua gani. Timu mbili zinaweza kufungwa magoli 28 kila moja, moja kwa sababu wapinzani hawafiki kabisa golini, nyingine kwa sababu wanafika kila siku ila kuna kipa anawanyima.

Mfano ambao mi huwa nautoa ni Manchester United ya 2017/18. Wamemaliza wa pili, wamefungwa 28 tu, na ukiangalia msimamo unasema huu ni ukuta wa chuma. Lakini walioangalia zile mechi wanakumbuka kipa wao De Gea alikuwa anafanya nini. Desemba 2017 wameenda Emirates kwa Arsenal wameshinda 3-1, De Gea ameokoa mashuti 14 ndani ya mechi moja, akaifikia rekodi ya ligi. Timu yenye difensi bora haimpi kipa wake kazi ya kuokoa mara 14! Siku ile kwenye karatasi imeandikwa wamefungwa goli moja, mtu ambaye hakuangalia anajua mabeki walikuwa imara. Msimu uliofuata kipa ni yuleyule, mabeki kwa sehemu kubwa ni walewale, wamefungwa 54. Hamsini na nne! Sasa ukuta haukuvunjika kwa usiku mmoja jamani, nyufa zilikuwepo tangu mwaka wa nyuma ila kulikuwa na mtu anaziziba kwa mikono.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumtenganisha kipa na mabeki. Angalia mashuti yanayolenga goli, angalia yanapigwa kutoka wapi, halafu ndo uulize kipa ameokoa kuliko kawaida au chini ya kawaida. Siku hizi kuna hesabu ya xG, yaani magoli yaliyotarajiwa, kila shuti linapewa uzito kulingana na mahali lilipopigwa na mazingira yake. Penati inahesabiwa kama 0.78 hivi, yaani katika kumi karibu nane zinaingia. Shuti la kutoka mbali nje ya boksi linaweza kuwa 0.03 tu. Ukijumlisha uzito wa mashuti yote timu iliyoyaruhusu kwa msimu unapata picha ya nafasi ilizotoa, bila kujali kipa alifanya maajabu au alilala. Timu ikiwa imefungwa pungufu sana kuliko hiyo hesabu, mpe kipa heshima yake, ila usitegemee mwakani iwe hivohivo.

---

PointiTatu:

Naheshimu maelezo yako kaka Namba6 ila mi nitasimama upande mwingine kidogo. Kipa ni sehemu ya difensi. Tangu lini tukamtoa? Klabu inamnunua kipa kwa pesa nyingi ili azuie magoli, akizuia mnasema ah huyo ni kipa, mabeki hamna kitu. Wakati kipa bora anaupanga ukuta wake, anaita, anawaambia nani asogee, anatoka kudaka krosi kabla haijawa hatari. Hizo xG zenu zinampa kipa sifa ya shuti aliloliokoa, zinamnyima sifa ya shuti ambalo halikupigwa kwa sababu alitoka akaudaka mpira hewani.

Na kingine, mpira ni matokeo. Italia 2006 wamebeba kombe la dunia wamefungwa magoli mawili tu mashindano yote, moja Zaccardo kajifunga dhidi ya Marekani, lingine penati ya Zidane fainali. Yaani hakuna mpinzani hata mmoja aliyewafunga kwa mpira wa kawaida mechi saba. Mnataka kuniambia nikatafute grafu ndo nijue beki Cannavaro na kipa Buffon walikuwa vizuri?

---

Namba6_Mkabaji:

Kaka PointiTatu hoja ya kipa kutoka kwenye krosi naikubali kabisa, tena ndo sehemu ambayo takwimu nyingi za kawaida hazimtendei haki. Ila mwuliza swali anataka kujua *ukuta*, na ukitaka kujua kama klabu inunue beki au ibaki na waliopo lazima uwatenganishe, la sivyo kipa akiumia wiki mbili ndo unagundua ulikuwa hujui timu yako.

Na kuhusu Italia tupo pamoja, ila ona mashindano hayohayo, Uswisi walicheza mechi nne hawakufungwa goli hata moja. 0-0 na Ufaransa, 2-0 Togo, 2-0 Korea Kusini, 0-0 na Ukraine halafu wakatolewa kwa matuta bila kufunga hata penati moja. Kwa kigezo chako cha magoli Uswisi ndo walikuwa na difensi bora kuliko Italia kwa sababu sifuri ni ndogo kuliko mbili. Unaamini hivo? Mi siamini. Italia wamecheza mechi saba, wameenda Dortmund wamekutana na Ujerumani wenyeji nusu fainali dakika 120 hawajafungwa, halafu fainali na Ufaransa nyingine 120. Uzito wa wapinzani na idadi ya mechi lazima viingie kwenye mizani. Mechi nne ni chache mno kumpa mtu taji, mpira unagonga mwamba mara moja tu historia inabadilika.

---

DadaKocha:

Nimesoma yote naomba na mimi nichangie, nafundisha vijana wa chini ya miaka 17 na kila wiki nawaambia hiki ninachotaka kuandika hapa, kwa hiyo mnivumilie nitakuwa mrefu.

Mwuliza swali umeuliza kama mtu wa kawaida anaweza kuona kwa macho. Anaweza, tena vizuri sana, tatizo ni kwamba macho yetu yamezoea kuufuata mpira na difensi haipo kwenye mpira. TV inatusaidia kukosea maana kamera inakaa pale mpira ulipo na marudio yanaonyesha yule beki wa mwisho aliyeteleza, kumbe goli lilianza sekunde nane nyuma pale winga wa upande wa pili alipotembea badala ya kukimbia kurudi.

Jaribu hivi mechi ijayo. Timu yako ikipoteza mpira kwenye nusu ya mpinzani, usiangalie mpira. Angalia watu wako kumi wanafanya nini sekunde tano za kwanza. Aliye karibu anamfuata mwenye mpira au anainua mikono kulalamikia faulo? Namba sita, yule kiungo mkabaji, yuko wapi, amebaki katikati mbele ya mabeki au naye alikuwa amepanda? Mabeki wa kati wanarudi nyuma wakitazama lango lao au wanarudi huku miili imegeuka upande wanaona mpira na mtu kwa pamoja? Hapo utaijua difensi ya timu kuliko kuhesabu beki ameteleza chini kupokonya mara ngapi na ameondosha mpira mara ngapi. Timu nyingi zikiwa zimejipanga zote zinakaba vizuri, hata timu ya mkiani ikipaki basi watu kumi ndani ya boksi utapata shida kuifungua. Ubora unaonekana pale wamepoteza mpira wakiwa wametawanyika.

Cha pili, angalia umbali kati ya mstari wa mabeki na mstari wa viungo. Ukiona kuna uwanja mkubwa pale katikati na namba kumi wa mpinzani, yule mchezeshaji nyuma ya straika, anapokea mpira, anageuka, anainua kichwa bila mtu wa kumgusa, hiyo timu haina difensi hata kama siku hiyo haikufungwa. Haijalishi mabeki wana miili mikubwa kiasi gani, mtu mwenye ubora akigeuka pale mbele yako umeshachelewa.

Cha tatu, na hiki nakipenda kuliko vyote, angalia beki anafanya *maamuzi* gani akiwa ameachwa kwenye hali mbaya. Machi 2019 Liverpool wanacheza na Tottenham Anfield, ni 1-1, dakika ya 85, Spurs (Tottenham haohao) wametoka kwa kaunta, yaani shambulizi la kushtukiza, Sissoko ana mpira na Son yuko pembeni yake, beki aliyebaki ni Van Dijk peke yake. Wawili kwa mmoja. Beki wa kawaida pale anamrukia mwenye mpira, Sissoko anatoa pasi, Son anafunga, mchezo umeisha. Van Dijk hakumrukia. Alirudi nyuma taratibu akikaa kwenye njia ya pasi, akamfungia Son kabisa, akamwachia Sissoko apige kwa mguu wake wa kushoto ambao sio mguu wake, na alimsogelea mwishoni kabisa alipoona hana tena pa kutoa. Sissoko akapaisha juu ya lango. Dakika chache baadaye Alderweireld akajifunga Liverpool wakashinda 2-1.

Sasa mniambie, kwenye takwimu za mabeki Van Dijk aliandikiwa nini pale? Hakupokonya, hakunasa pasi, hakuondosha. Hakuna! Na ile ndo kazi bora kabisa ya ulinzi ya msimu ule kwa maoni yangu. Ndo maana vijana wangu siwasifii kwa kuteleza chini. Ukiteleza maana yake ulishaachwa, na ukishalala chini huna msaada tena kwa mwenzako.

---

KipengaChaPili:

DadaKocha asante sana, hapo kwa Van Dijk nimeelewa kitu ambacho sijawahi kukifikiria, nimerudia ile klipu sasa hivi na kweli ukiangalia miguu yake anatembea kwa upande muda wote. Sasa swali la nyongeza, hizi takwimu za mabeki tunazoonyeshwa baada ya mechi, amepokonya mara ngapi, ameondosha mara ngapi, ameshinda mipira ya juu mingapi, zote ni bure?

---

Grafu_na_Nyasi:

Karibu niingie hapa maana ndo eneo langu.

Sio bure ila zinajibu swali tofauti na unalouliza. Zinakwambia beki *amefanya* nini, hazikwambii alikuwa *anahitajika* kufanya mara ngapi. Ukipanga mabeki wa ligi yoyote kwa idadi ya kuondosha mpira na kuzuia mashuti kwa mwili, juu utajaza majina ya mabeki wa timu za mkiani. Sio kwamba ndo bora, ni kwamba wanashambuliwa muda wote kwa hiyo kazi zimejaa. Beki wa timu inayomiliki mpira asilimia 65 hana mpira wa kuondosha. Kwa hiyo angalau gawanya kwa muda ambao mpinzani alikuwa na mpira, na hata hapo uwe makini.

Ambazo mi naziamini zaidi ni za timu nzima na sio za mtu mmoja. Naangalia mpinzani anaingia ndani ya boksi mara ngapi, anagusa mpira mara ngapi ndani ya boksi, na wastani wa uzito wa kila shuti analopiga. Hiyo ya mwisho ni muhimu sana na watu wanaisahau. Kuna timu inaruhusu mashuti 15 kwa mechi yote ya mbali yenye watu watatu mbele, na kuna timu inaruhusu mashuti sita tu lakini manne ni mtu na kipa. Ukihesabu mashuti tu utampa sifa asiyestahili.

Mfano hai ni Morocco kombe la dunia 2022. Kwenye raundi ya 16 Hispania walipiga pasi zaidi ya 1,000 ndani ya dakika 120, wakatoka na shuti moja tu lililolenga goli. Moja! Walikuwa na mpira kama robo tatu ya muda wote na hawakwenda popote, kwa sababu Morocco waliwaachia mpira pembeni na nyuma, wakabana katikati, kiungo wao Amrabat anafunga kila mlango, mabeki hawatoki nje ya nafasi zao. Mpaka wanafika nusu fainali goli pekee waliloruhusu lilikuwa la kujifunga la Aguerd dhidi ya Canada. Ukisema umiliki wa mpira ni kipimo cha nani anatawala mchezo, ile mechi inakujibu.

Na upande wa pili kabisa kuna Hispania wenyewe wa 2010. Wamefungwa mawili tu mashindano yote, hatua ya mtoano hawakufungwa kabisa, 1-0 mara nne mfululizo mpaka kombe. Wale walikuwa wanalinda kwa kuwa na mpira, mpinzani akiupata keshachoka kukimbiza. Kwa hiyo usitafute staili moja. Kuna kulinda kwa kubana chini na kuna kulinda kwa kuumiliki, zote zinaweza kuwa bora, ila huwezi kuzipima kwa rula moja.

Niongeze mapungufu ya xG kwa sababu kaka PointiTatu ana haki ya kuishuku. xG inahesabu mashuti tu. Krosi ikipita mbele ya lango mita mbili kutoka kwenye mstari, straika akaikosa kwa kidole, hesabu inasema sifuri, wakati mabeki walikuwa wameshalala wote. Na yule Sissoko alihesabiwa kapata nafasi nzuri tu, hesabu haijui kwamba Van Dijk ndo alimchagulia mguu. Ila kwa mechi nyingi, tuseme nusu msimu na kuendelea, inakupa mwelekeo mzuri kuliko idadi ya magoli. Kwa mechi tatu nne usiitumie kabisa.

---

PointiTatu:

Hapo kwa Morocco nimekuelewa mkuu. Ila bado nina neno. Hizo nafasi mnazohesabu zinategemea timu ilikuwa inaongoza au iko nyuma. Timu ikishafunga mbili inarudi nyuma makusudi, inaacha mpinzani apige, inasubiri kaunta. Mkija na data mnasema ah walizidiwa, wamepigiwa mashuti 18. Hawakuzidiwa, walichagua.

---

Grafu_na_Nyasi:

Hoja nzito hiyo na ni kweli kabisa, hali ya matokeo inabadilisha kila kitu. Ndo maana mi nikitaka kupima difensi naanza na dakika ambazo mechi bado ni sare. Pale kila timu inataka kitu, hakuna anayetuliza, ndo unaona sura halisi. Halafu naangalia peke yake dakika ambazo timu inaongoza kwa goli moja, na hapo swali linakuwa jingine: umerudi nyuma sawa, mashuti unayoyaruhusu ni ya mbali au yanaingia ndani? Atletico Madrid ya Simeone walikuwa mabingwa wa hiyo kitu. 2015/16 wamefungwa 18 tu mechi 38, wakishafunga moja ilikuwa kama mechi imefungwa na kufuli, kila mtu anajua mpira utapigwa pembeni, utakrosiwa, beki Godin ataupiga kichwa, tunarudi palepale. Na bado walimaliza wa tatu kwa pointi 88, kwa hiyo kaka Kipenga ukuta wa magoli 18 nao haukubeba kombe, kama Arsenal yako ya 98/99.

---

BekiMbili_Mstaafu:

Salaam wakuu. Nimecheza beki wa kulia ngazi ya chini miaka mingi, acha niseme kitu ambacho hakijaguswa: mpira wa kutenga mtenganishe. Kona na faulo zina mazoezi yake, kocha wake, na watu wake, mastraika warefu wanarudi kukaba, kipa anaamua mstari. Timu inaweza kuwa nzuri mno mpira ukiwa unatembea halafu ikawa inafungwa kila kona kwa sababu tu anayekaba nguzo ya mbele analala. Ukichanganya vyote unasema difensi mbovu, unamfukuza beki wa kati asiye na hatia, kumbe tatizo linatibika mazoezini. Na kinyume chake, kuna timu imefungwa kidogo lakini mpira ukitembea wanapasuliwa. Ya pili ndo ya kuogopa zaidi.

Kingine, laini ya juu. Watu wanaona mabeki wamepigiwa mpira nyuma yao, mtu kaondoka na kipa, wanasema mabeki wazito. Angalia kwanza aliyepiga hiyo pasi alikuwa na presha? Ukipandisha laini mpaka karibu na nusu ya uwanja na mwenye mpira ana muda wa kuinua kichwa na kuchagua, hakuna beki duniani atakayekuokoa. Oktoba 2020 Liverpool mabingwa wamepigwa 7-2 na Aston Villa, Van Dijk yupo uwanjani dakika zote, huyohuyo tunayemsifia hapa. Kipa alikuwa Adrian maana Alisson alikuwa majeruhi, na goli la kwanza lilikuwa zawadi yake, mashuti mengine yaligonga watu yakabadilika njia, hayo tuyaweke pembeni. Ila walivyokuwa wanapigwa mipira nyuma na Grealish na Watkins wa Villa, shida ilianzia mbele, kule walikokuwa wanachelewa kufika kwenye mpira. Mabeki ndo walioonekana kwenye picha. Mi hilo linaniuma maana ukicheza nyuma unalaumiwa kwa dhambi za watu wote.

---

DadaKocha:

BekiMbili umenigusa kweli. Na hapo ndo ninapotaka watu waache kusema "mabeki" wakimaanisha "difensi". Straika anayefunga njia ya pasi ya kwanza ni mlinzi. Makelele aliyetajwa pale juu alikuwa anafanya kazi ambayo mabeki wa Chelsea hawakuhitaji kuifanya.

---

KipengaChaPili:

Wakuu mnanifungua macho. Swali langu la mwisho basi. Kama difensi ni ya timu nzima, nitajuaje kama ubora upo kwenye mfumo au kwa mtu mmoja? Maana kuna timu beki mmoja akiumia kila kitu kinaanguka.

---

Namba6_Mkabaji:

Mkuu hilo unalipima siku mtu anapokosekana, hakuna njia nyingine nzuri zaidi.

Liverpool haohao, 2018/19 wamefungwa 22, Van Dijk kacheza mechi zote 38 za ligi. Msimu wa 2020/21 kaumia goti Oktoba dhidi ya Everton, Gomez naye akaumia, Matip naye, ikafika mahali Fabinho na Henderson ambao ni viungo ndo mabeki wa kati. Wakamaliza wamefungwa 42. Ila usikimbilie kusema ni Van Dijk tu, kwa sababu viungo waliporudishwa nyuma na kule kati kukabaki wazi, presha ya mbele ikapungua pia. Ukitoa tofali la chini unatikisa mpaka la juu.

Sasa linganisha na Milan ya Capello. 1993/94 wamefungwa 15 kwenye mechi 34 za Serie A, na wenyewe wamefunga 36 tu, wakabeba ubingwa! Fainali ya Ulaya kule Athens, Mei 1994, wanakutana na Barcelona ya Cruyff yenye Romario na Stoichkov, na mabeki wao wa kati wote wawili, Baresi na Costacurta, wana adhabu hawachezi. Kila mtu alisema Barcelona wanachukua. Capello kamuingiza Maldini katikati na Filippo Galli, Panucci kaenda kushoto, Tassotti kulia, Desailly anasimama mbele yao. Wameshinda 4-0. Romario na Stoichkov hawakupata pa kupumulia. Ukuta ukitolewa nguzo mbili kubwa kiasi hicho na bado haufungwi goli kwenye fainali, hapo ujue kila mtu alikuwa anajua asimame wapi mpira ukiwa sehemu gani ya uwanja.

Ndo maana ukiniuliza mimi kati ya Chelsea ya 15 na Milan ya 15 nachagua Milan. Chelsea wamecheza mechi nne zaidi nakubali, kwa wastani wa mechi wao ndo wako chini.

---

PointiTatu:

Kaka umejimaliza mwenyewe hapo, kwa wastani Chelsea wako chini. Na Chelsea msimu ule walipoteza mechi moja tu ya ligi, 1-0 kwa Manchester City, penati ya Anelka. Carvalho aliumia vipindi kadhaa, Gallas akahamia kati, kushoto akakaa mwingine, na ukuta haukutikisika. Kwa hiyo hata kwa kipimo chako cha mtu kukosekana Chelsea wanapita.

---

Namba6_Mkabaji:

Kipimo wanapita, sikatai kaka. Ila kumkosa Carvalho wakati Terry na Cech wapo, na kumkosa Baresi na Costacurta kwa pamoja kwenye fainali dhidi ya Romario, mi naona uzito haulingani. Nikipata muda wikiendi nitarudia ile mechi ya Athens yote dakika 90 niandike Milan walikuwa wanasimama umbali gani kati ya mistari, nitaileta hapa. Na wewe lete mechi moja ya Chelsea ambayo unaona inawaonyesha vizuri kabisa, tuziangalie zote mbili kwa vile vitu vitatu vya DadaKocha.

---

PointiTatu:

Sawa. Naleta ya Chelsea na Barcelona, Stamford Bridge kwa Chelsea, Machi 2005.

---

DadaKocha:

Ile iliisha 4-2 kaka, Ronaldinho kawafunga mawili, moja akiwa amesimama palepale kapiga kwa ncha ya kiatu katikati ya mabeki.

---

PointiTatu:

Naijua, ndo maana nimeichagua. Lile goli la Ronaldinho mabeki walikuwa mbele yake wamejipanga vizuri, Carvalho yuko hatua moja tu. Nataka mniambie beki afanye nini zaidi ya pale, maana mi nimeliangalia mara nyingi na sioni kosa.